Tuta Moja la Ukaidi

Nabla alimimina viazi vya kuchemsha kikapuni. Watu sita wa nyumba hiyo walizunguka kikapu wapate kula. Hakikujaa hata nusu. Mwaka uliopita viazi vingi vilioza ardhini.

Alitoka kumtazama mumewe, Festus, shambani. Festus alikuwa analima matuta yaliyokata mteremko, kama mwaka jana.

"Wewe! Hivyo hivyo tena?"

"Nikifuata mteremko, nitapanda kilima na sepeto kutwa nzima. Na kesho ni Ijumaa Kuu, siku ya desturi ya kupanda viazi. Lazima tupande."

"Mgongo wako upumzike, watoto walale na njaa!"

Nabla alimwita jirani yao, Bi Sorcha. Mama huyo mjane alivuna vizuri kila mwaka. Bi Sorcha alitazama mfereji kati ya matuta. Maji yalikuwa yametuama.

"Festus mwanangu, unafuga bata?"

"Baba yangu alilima hivi, Bi Sorcha."

"Baba yako alilima mchanga wa ufukweni. Maji hayakai kwenye mchanga. Huu ni udongo mweusi, unashika maji. Matuta yashuke na mteremko, mifereji itoe maji."

Alichukua sepeto akaonyesha. Alitandaza mwani juu ya majani mabichi bila kuyalima. Juu ya mwani alipanga vipande vya viazi, kila kimoja na jicho lake. Kisha alichimba mfereji upande huu na upande ule, akapindua mabonge ya udongo yenye majani juu ya mbegu, majani yakalalia majani.

"Majani yakioza, yanalisha kiazi. Kiazi kinakaa juu ya maji, si ndani yake."

"Sitamaliza kesho!"

"Kiazi hakijui Ijumaa. Panda Jumatatu."

Festus alinung'unika, lakini alilima upya. Tuta moja tu alikataa kuligusa. "Hili nimeshalimaliza," alisema. Nabla alichoka kubishana.

Mvua ilinyesha karibu kiangazi chote. Mwezi wa tisa walivuna. Kila tuta lililofuata mteremko lilitoa magunia mawili. Tuta la Festus lilitoa ndoo moja, na harufu mbaya.

Mchana huo kikapu cha chakula kilifurika. Nabla aliweka ndoo ile mbele ya mumewe.

"Hivi ni vyako."

Masika yaliyofuata, Festus alianza kulima juu kabisa ya kilima, akashuka na mteremko. Hakuna aliyemwambia.