Uwanja wa Juno, Nusu Mondo

Wendell Tackett ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Oklahoma. Mkewe, Loretta, huoka mikate katika jiko la shule. Wana paka anayeitwa Juno. Mama yake Juno ni paka wa nyumbani. Baba yake ni mondo, yule mnyama wa porini mwenye miguu mirefu na madoadoa.

Asubuhi moja Loretta alikuta kochi limelowa mkojo tena. Alipofungua mlango apate hewa, Juno akaponyoka. Akaua kuku wawili wa jirani yao, mzee Garber.

"Akirudi hapa nampiga risasi!" mzee alifoka.

Loretta alilia. "Nimechoka, Wendell. Huyu paka aondoke."

"Aende wapi, mke wangu? Nani atamtaka?"

Wakamwita Opal, muuguzi wa wanyama wa mtaa wa pili. Opal alimwona Juno juu ya friji, akacheka.

"Mmeleta nusu mondo, mkataka awe mto wa kochi!"

"Tumekosea wapi?" Loretta aliuliza.

"Huyu ni uzao wa kwanza kutoka kwa mondo. Damu ya pori bado ni nyingi. Kuwinda na kuweka alama kwa mkojo ni tabia yake. Msimpige, atakuwa mkali zaidi. Mmemfunga kizazi?"

"Bado."

"Basi nendeni kwa daktari. Ampime pia, huenda anaumwa. Halafu mjengeeni uwanja wa wavu wenye paa, magogo na beseni la maji. Chezeni naye kila siku. Na kibali cha kumfuga mnacho?"

Wendell aliinamisha kichwa. "Hatukuuliza."

"Ulizeni leo. Sehemu nyingine paka hawa hawaruhusiwi kabisa."

Kibali kilipatikana. Juno akapimwa na kufungwa kizazi. Loretta alimpelekea mzee Garber kuku wapya na kumwomba radhi. Wendell akachomelea nguzo za uwanja kwa wiki tatu, kila jioni baada ya kazi.

Sasa kochi ni kavu, na kuku wa mzee wako salama. Jumapili moja mzee alimleta mpwa wake, Dwight, aliyetaka paka kama Juno.

"Una uwanja?" Loretta alimwuliza. "Una daktari anayemjua mnyama huyu? Utacheza naye kila siku, hata miaka kumi na mitano?"

Dwight akajikuna shingo. "Hapana, mama."

"Basi chukua paka wa kawaida. Hutajuta."

Pale pale Juno akaruka kukamata mpira, juu kupita kofia ya Wendell. Mzee Garber akapiga mluzi.

"Uwanja huo kajenga mume wangu," Loretta alisema, kifua mbele. "Kwa mikono yake."