Barua Haiendi na Michembe

Eufrasia alikuwa nyuma ya nyumba akigeuza michembe, vipande vya viazi vitamu vya kukausha, juani, simu ikalia. Kijijini kwao, nje kidogo ya Ushirombo, hakuna anayemwita Eufrasia. Ni Mama Aneth. Na aliyepiga alikuwa Aneth mwenyewe, kutoka Kampala, Uganda, alikokwenda kusomea uuguzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imepoa?"

"Chuo wanataka cheti changu cha kuzaliwa. Nimewaonyesha picha kwenye simu, wameikataa. Wanataka cheti chenyewe, au nakala iliyogongwa muhuri na wakili. Wametupa wiki nne. Kisipofika, wanafuta jina langu."

Eufrasia aliiacha michembe, akaingia chumbani. Cheti kilikuwa sandukuni, chini ya vitenge. Yeye ndiye aliyemkataza binti kusafiri nacho, akiogopa kitapotea njiani. Moyo ulimuuma sana. Walikuwa wamelima pamba miaka na miaka ili mtoto huyu asome.

Kesho yake alikwenda mjini na mumewe, Makoye. Wakili akawatolea nakala na kuigonga muhuri. Kisha wakaenda stendi kwa Fredy, kijana anayepokea mizigo ya mabasi.

"Hapa mnalipia mpaka mpakani," Fredy alisema. "Pale kuna mtu wangu, naye analipwa. Ng'ambo kuna mwingine wa kufikisha chuoni, naye mnamlipa."

"Karatasi moja inabebwa na watu watatu?" Makoye aliuliza.

"Ndiyo njia yenyewe, mzee."

Makoye alirudi nyumbani, akamtazama mbuzi wake mkubwa kwa huzuni. Alikuwa tayari kumuuza ili awalipe hao watatu. Eufrasia akamwambia asubiri kwanza, yeye atajaribu posta.

"Posta bado ipo?" Makoye alicheka.

"Ipo. Wewe ndiye huendi."

Asubuhi Eufrasia alifika posta na boksi limefungwa kamba. Ndani mlikuwa na nakala ya cheti, michembe, karanga na kitenge kipya. Alikuwa mwanamke wa sokoni, na sokoni hakuna anayekubali bei ya kwanza. Dirishani alimkuta mfanyakazi aitwaye Mwaisha, mwanamke wa makamo mdogo kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Naomba hili lifike Kampala."

Mwaisha aliliweka boksi kwenye mizani, akataja bei. Eufrasia akashika kiuno.

"Punguza, mwanangu."

"Sina ruhusa ya kupunguza, mama."

"Punguza kidogo tu. Mimi mteja wako."

Mwaisha alicheka, lakini hakumdharau. "Bei ya posta haipunguzwi kwa maneno. Kinachoweza kukupunguzia ni hii mizani. Ndani kuna nini?"

Eufrasia akamweleza yote, mpaka habari ya wiki nne.

"Kwa hiyo kinachohitajika chuoni ni karatasi moja," Mwaisha alisema. "Boksi ni kifurushi. Ni zito, na lazima lijaziwe fomu ya forodha. Vyakula navyo vinaweza kuzuiwa mpakani, na cheti kikakwama humo humo. Karatasi ikienda peke yake ni barua. Barua nyepesi bei yake ni ndogo."

"Na huko Uganda nitamlipa nani?"

"Hulipi mtu. Nchi zimekubaliana kufikishiana barua. Ukishalipia hapa, posta ya kule inaipokea na kuifikisha. Si jambo geni. Hata wakati wa wakoloni, Kenya, Uganda na Tanganyika zilikaa pamoja zikatumia stempu moja."

Eufrasia alilitazama boksi lake. Kwao mtu hamtumii mwanawe kitu bila kufungasha chakula.

"Nimtumie karatasi kavu? Ataniona mama gani?"

"Mwandikie barua. Karatasi moja haitaongeza uzito wa kukutisha."

Eufrasia alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima miaka miwili. Jina lake aliliandika vizuri. Barua hakuwa ameandika hata siku moja. Alipokea kalamu, akakaa kwenye benchi, jasho likamtoka. Aliandika polepole:

*Aneth mwanangu. Cheti hiki hapa. Nilikosea kukuzuia nacho. Michembe ipo utakula ukija. Usiache shule. Mama yako.*

Mwaisha akamwonyesha mahali pa kuandika anwani: jina la Aneth, jina la chuo, sanduku la posta, mji, kisha nchi. Nyuma ya bahasha Eufrasia akaandika anwani yake mwenyewe, ili barua ikikosa mwenyewe irudi.

"Pesa umeweka ndani?"

"Nilitaka kuweka kidogo."

"Usiweke. Pesa ina njia zake. Na kwa kuwa hiki ni cheti, tutume kwa rejista. Unaongeza kidogo, unapewa risiti yenye namba. Namba hiyo mtumie Aneth. Barua ikichelewa, tunaifuatilia kwa namba. Iko njia ya haraka zaidi, ila ni ghali, na wewe bado una muda."

Eufrasia alilipa, akabaki na nauli na pesa ya chumvi. "Wabeja, mwanangu," alishukuru kwa Kisukuma.

Siku ya kumi na tano simu ililia. Makoye alisogea karibu.

"Mama, wamepokea. Wameniandikisha. Mimi ni mwanafunzi kamili."

Makoye akapiga kofi pajani na kwenda kumfungulia mbuzi wake akale majani. Eufrasia hakucheka bado. Kuna jambo lilikuwa likimsumbua tangu siku ile ya posta: mwandiko wake ulipinda, na wasomi wa chuo wameuona.

"Na ile karatasi nyingine? Wameichukua pia?"

"Waliiomba, mama. Walidhani ni sehemu ya cheti. Nikawaambia hiyo siwapi. Hiyo mama yangu ameniandikia mwenyewe."

Eufrasia alilia kwa furaha, wala hakujificha.