Nondo Nyuma ya Jiko

Kama unakula, weka sahani chini kwanza. Unywele ulitoka bombani mchana kweupe, Notburga akiosha mchele wa wateja. Ulikuwa mrefu, unateleza kama kamasi. Akaunusa. Mkojo mtupu.

Hoteli yake hapo Lizaboni aliifungua mwaka 1992, biashara za watu binafsi ziliposhamiri. Mwezi Juni bomba la jikoni likampiga shoti Renatha, binti yake wa pekee, nusura limuue. Fundi Hironimus akafunga waya mnene kutoka kwenye mabomba hadi kwenye nondo aliyoizamisha ardhini nyuma ya jiko, ili umeme ukipotea njia uteremkie udongoni, usimpitie mtu. Waya huo mafundi wanauita ethi.

"Ethi inataka unyevu, mama," fundi alimwambia. "Kiangazi hiki, waambie wateja wakojoe pale pale."

Mtu mzima na akili zake, Notburga akakubali. Miezi minne wanaume walikunywa pombe yake ya komoni, wakaenda kuimwagilia nondo. Na sasa kila mmoja alipokwenda nyuma, mabomba ya jikoni yalisikika yakigugumia, gu, gu, gu, kama mtu aliyeshinda na kiu.

Notburga, ingawa ni Mkatoliki, akameza aibu, akamwita mganga Daimu kutoka Namtumbo. Mzee aliinusa nondo, akatema mate.

"Mmemkojolea jini mlangoni kwake," alinong'ona. "Tena hakukasirika, kanogewa. Anapanda kwa waya huu kutafuta zaidi. Ijumaa nitamsomea ashuke, ndipo tuukate."

"Ukikatwa, mzee wangu, bomba litaniulia mtoto."

"Mtazima umeme. Ila ashuke kwanza, mama. Usiukate kabla."

Alhamisi asubuhi Renatha alifungua bomba ajaze sufuria ya chai, na badala ya maji ikaanza kushuka nyama laini, nyeupe kama maziwa yaliyoganda, imeota nywele, inanuka choo cha stendi, ikajivuta ukingoni mwa sinki ikiufuata mkono wake, na Notburga, akitapika huku analia, akazima swichi kubwa, akanyakua panga, akakimbilia nyuma, akaukata ule waya asingoje Ijumaa wala mzee wala fundi.

Kukawa kimya. Aliporudi, sinki lilikuwa tupu na kavu, na Renatha amesimama palepale, anafuta mdomo. Notburga akapiga ishara ya msalaba, akamkumbatia.

Ijumaa Daimu alifika, tayari ameshasikia kuwa waya umekatwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulipoukata, alikuwa chini au juu?"

Notburga akageuka kulitazama sinki.

"Maana kama alikuwa juu, umemfungia njia ya kurudi. Binti yuko wapi?"

Walimkuta nyuma ya jiko. Alikuwa amepiga magoti kwenye ule udongo mweusi unaonuka, midomo ameibana kwenye nondo, koo linapanda na kushuka, gu, gu, gu. Akainua uso, kidevu kimejaa tope.

"Mama, pamekauka," alisema taratibu. "Waite wateja."