Neti ya Debra

Mama yake Adero, Dorca, alikuwa mwanika omena. Kila siku aliondoka kungali giza kwenda ufuoni kupokea mashua, na Adero akamfuata kumsaidia kutandaza samaki hao wadogo kabla hajaenda shule. Jioni kazi ya Adero ilikuwa moja tu: kushusha neti ya mbu juu ya kitanda alicholalia na mdogo wake, Debra, mtoto wa miaka minne. Mama alilala upande wa pili wa pazia, amechoka, hata viatu wakati mwingine havui.

Mwanzoni mwa mwezi, Mwalimu Wamucii aliliandika ubaoni neno moja la Kiingereza: "net". Akawaambia wanafunzi wa gredi ya sita watafute maana zake zote, nyumbani na ufuoni, na atakayeeleza vizuri kuliko wengine atazungumza siku ya wazazi. Adero alizipata nyingi: wavu wa mvuvi, chandarua cha mbu, wavu wa goli, hata mtandao wa simu. Akaongeza ile iliyoandikwa kwenye pakiti ya sukari, yaani uzito wa sukari yenyewe bila pakiti. Mwalimu akafungua kamusi kubwa, akawaonyesha kwamba hiyo ya sukari ni mgeni. Ilitoka kwa Wafaransa, na kwao maana yake ni safi. Ile ya wavu ni ya Waingereza wenyewe tangu zamani.

"Maneno mawili yalikutana njiani, yakavaa nguo moja," alisema Mwalimu, akamchagua Adero kuzungumza siku ya wazazi.

Tom akainua mkono. "Mwalimu, na omena ya mama yake Adero? Tunapima yenyewe, ama pamoja na mchanga?"

Darasa likacheka. Adero alicheka pia. Ilikuwa kweli. Wavu wa kuanikia wa Mama ulikuwa umechakaa, na omena ilikuwa inakauka chini, mchangani.

Kesho yake akaifungua neti ya kitandani, akaenda kuitandaza ufuoni, sehemu yake ya mbali ambayo Mama hakufika. Hakuwa wa kwanza. Ufuo ule umejaa neti za mbu zilizotolewa kliniki, zimebeba omena, na watoto nyumbani wamejaa alama za mbu. Omena ikakauka safi. Mnunuzi kutoka soko la Otonglo aliisifu, na Mama akafurahi bila kuuliza mengi.

Lakini neti ilinuka samaki. Debra aliikataa, akaziba pua. Adero akaitia ndani ya gunia nyuma ya mlango, akajiambia ataifua Jumamosi. Jumamosi ikaja, ikapita.

"Neti mmeshusha?" Mama aliuliza kila jioni kutoka nyuma ya pazia.

"Tumeshusha, Mama."

Wiki ya siku ya wazazi, Debra akaamka na joto, hataki uji. Jirani yao, Atieno, akamwambia Mama ampeleke kliniki akapimwe malaria.

"Malaria itampata wapi, Atieno?" Mama alijibu. "Huyu halali nje ya neti hata siku moja. Ni mafua tu."

Akanunua dawa ya mafua dukani. Adero ndiye aliyeshika kijiko. Alijua kwamba neti imo guniani. Alijua pia kwamba akisema, Mama atamzuia kwenda kuzungumza mbele ya wazazi. Akamnywesha mdogo wake dawa ile, akanyamaza.

Siku ya wazazi alizungumza vizuri sana. Alipofika kwenye neti ya mbu na kueleza jinsi inavyomlinda mtoto, wazazi walipiga makofi. Mama hakuwepo. Makofi hayajaisha, Atieno akasimama mlangoni na kanga ya kichwa imeanguka mabegani. Akasema Debra ameshikwa na degedege. Mama ameshampakia kwenye bodaboda.

Hospitalini muuguzi alikuwa ameshapima damu. Alimuuliza Mama kwa nini alikaa na mtoto hivi siku zote hizo. Mama akaanza kuapa kwamba mtoto analala ndani ya neti.

"Halali, Mama," Adero alisema. "Neti niliichukua kuanikia omena."

Mama alimtazama kama mtu asiyemfahamu.

Debra alipona malaria. Alirudi nyumbani amekonda, anacheka kama zamani. Lakini ukimwita hageuki. Daktari alisema masikio yameumia, na hakuahidi kitu.

Adero aliifua neti, akaifunga kitandani, akangoja kiboko. Hakikuja. Mama aliketi ukingoni mwa kitanda, akasema polepole:

"Nyathina, mwanangu, ungeniambia neti umeanikia omena, ningekugombeza, na kesho ningesahau. Neti ingepatikana nyingine. Lakini ulinijibu umeshusha, nami nilikuamini. Ile dawa niliyompa mtoto ilikuwa dawa ya uongo wako. Mtu akikudanganya, unatibu ugonjwa ambao haupo, na ule uliopo unaendelea kumla mgonjwa. Ukweli usemwe ukiwa bado unaweza kusaidia. Wako wa hospitalini ulichelewa."

Jioni hiyo Adero alimwita Debra waende kulala. Debra aliendelea kuchezea vifuniko vya soda. Adero akamwendea, akamgusa bega, akampeleka kitandani.

"Neti mmeshusha?" Mama aliuliza.

"Tumeshusha, Mama."

Pazia likafunguka. Mama aliingia na taa, akaikagua neti pande zote nne kwa mikono yake mwenyewe. Ndivyo anavyofanya kila jioni mpaka leo.