Leo Nyumba Gani?

Asubuhi, dalali wa nyumba alikuwa akimfunga mwanawe kamba za viatu. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akimalizia chai.

"Leo unaenda kuonyesha nyumba gani?"

"Nyumba tu."

"Nyumba tu iko wapi?"

"Nikikwambia wewe, mchana kinyozi wako anajua. Jioni madalali wote wanajua. Mteja wangu ndiyo kwaheri."

Mumewe akacheka, akaenda zake kazini.

Mteja alikuwa akimngoja getini. Shati limenyooka, salamu nzuri. Dalali akatangulia ndani, kama kawaida yake, akifungua madirisha. Sebule, jiko, mpaka chumba cha mwisho. Mteja hakuulizia maji. Hakuulizia umeme.

"Dada, umekuja peke yako?"

"Ndiyo, kaka."

"Na kwenu wanajua uko hapa?"

Dalali akageuka. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa. Ni upepo, au ni yeye? Mteja alikuwa akitabasamu. Mtu mbaya hutabasamu hivyo? Au ananijali tu?

"Humu simu haishiki," dalali akasema. "Natoka mara moja."

Yule mtu akasogea kumpisha, taratibu sana. Baadaye naye akatoka, akaaga vizuri, akaondoka. Dalali alibaki barabarani.

Jioni alimsimulia jirani yao, bibi aliyewahi kuwa dalali. Watu humwita Mama Funguo.

"Sijui alikuwa mtu gani, mama. Labda nimemdhania bure."

"Hata mimi sijui, mwanangu. Wala huna haja ya kujua. Roho ikikataa, toka. Kuomba radhi utaomba ukiwa nje."

"Haya."

"Na kwa nini unatangulia wewe vyumbani? Kwani unahamia wewe? Atangulie mteja. Wewe baki upande wa mlango, na mlango uwe wazi. Mteja mgeni mkutane kwanza penye watu, akuonyeshe kitambulisho. Ukipata mwenzako, nenda naye."

"Huyo mwenzangu si atanichukulia mteja?"

"Mteja utapata mwingine. Wewe tutakutafuta wapi, na hata mumeo hajui nyumba?"

Usiku huo dalali akamweleza mumewe yote.

Kesho yake yule mteja alipiga simu tena.

"Njoo kwanza dukani kwa mume wangu," dalali akamwambia. "Uje na kitambulisho."

"Nitakupigia."

Hakupiga. Mpaka leo dalali hajui alikuwa mtu gani.

Lakini alikuja mama mmoja, kitambulisho mkononi. Akatangulia ndani, akafungulia mabomba yote, akalisema jiko kuwa dogo. Dalali alisimama mlangoni. Simu ikalia. Ni mumewe, kama walivyopatana.

"Uko salama?"

"Salama. Mteja anagombana na bomba."

Mama yule aliipanga nyumba ile ile.

Asubuhi iliyofuata, fundi cherehani akashika kikombe chake.

"Leo nyumba gani?"

"Ya geti la kijani, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Adhuhuri nipigie. Nisipopokea, njoo na watu."

Akafunga kamba ya kiatu cha mtoto, akainua kichwa.

"Na kinyozi wako asijue."