Mistari Iliyopinda

Fundi Brashi aliandika mabango ya maduka kwa miaka ishirini. Mstari wake ulinyooka mno. Watu walisema nzi wakitua juu yake hupanga foleni.

Alikuwa na binti mmoja, mwanafunzi wa sanaa katika chuo kikuu. Chuo kilimteua akasome muhula mmoja ng'ambo. Lilibaki jambo moja tu. Chuo cha kule kilitaka picha kumi na mbili za kazi zake kabla ya Ijumaa, saa sita mchana. Akichelewa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Jumatatu asubuhi binti alipanga michoro yake juu ya meza ya karakana, akaenda darasani. Baba akaja kuitazama. Yote ilichorwa kwa mkaa. Ukuta ulikuwa umeinama. Meza ilikuwa kama inataka kukaa chini ipumzike.

"Lo! Huyu kweli ni damu yangu?" alijiuliza. "Wazungumze kule kwamba mtoto wa Fundi Brashi hajui mstari?"

Akachukua rula na rangi nyeusi ya mafuta. Kufika saa tisa alasiri, michoro yote kumi na miwili ilikuwa imenyooka. Akaipaka vanishi, ikang'aa kama viatu vya bwana harusi.

"Shikamoo, baba," binti aliita mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone. Nimekunyooshea mambo."

Binti hakupiga kelele. Aliketi juu ya kopo la rangi, akashika kichwa.

"Baba, hizi si kazi zangu tena."

"Si zako vipi? Jina lako si hilo pale chini? Nimeliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa."

Mama, aliyekuwa akishona kwenye cherehani yake pembeni, alisimamisha mguu. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji," alisema. "Wamekusifu mabango, sasa umeingia hadi kwenye kazi ya mtoto."

Akainuka kwenda kumwita jirani yao, Bi Lenzi. Huyu alikuwa mpiga picha. Wanafunzi wengi walimletea kazi zao azipige picha za kutuma vyuoni, kwa hiyo alijua vyuo hivyo vinataka nini.

Bi Lenzi alitazama michoro, akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Fundi, hapa ninamwona nani?"

"Si unamwona binti yangu?"

"Ninakuona wewe. Haya, tuseme wanaikubali. Anafika kule, wanampa mkaa na karatasi, wanamwambia, chora. Wewe utakuwa umejificha ndani ya begi?"

Mama, aliyekuwa amerudi kwenye cherehani, alicheka hadi akachomwa na sindano.

"Halafu kuna tamko," Bi Lenzi aliendelea. "Anatia saini kwamba kazi zote ni za mkono wake. Hizi akizitilia saini amesema uongo. Wakigundua, wanamfuta."

"Lakini zilikuwa zimepinda!" fundi alijitetea.

"Zilipinda kwa sababu ndivyo alivyoona. Wale hawatafuti bango. Wanataka kujua anatazama nini, anakosea wapi, anarudia vipi. Ndiyo maana wanapenda pia michoro ya majaribio. Daftari lako la majaribio liko wapi, mwanangu?"

"Nilikuwa nayo matatu pale rafuni," binti alisema. "Siyaoni."

Fundi Brashi alilitazama sanduku lake la matambara. Kwa miezi mitatu alikuwa akichana kurasa za madaftari yale na kufutia brashi.

"Nilidhani ni taka," alisema kwa sauti ndogo.

Walilimwaga sanduku sakafuni. Kurasa nyingi zilikuwa zimelowa rangi. Nane zilipona. Katika zote nane alikuwemo yeye: mgongo wake juu ya ngazi, magoti yake, mkono wake ukishika brashi, uso wake akiandika herufi ya duara huku ulimi umetoka nje.

"Ulimi wangu hutoka hivi?"

"Miaka ishirini sasa," alijibu mke wake.

Siku mbili zilizofuata binti alichora michoro minne mipya. Baba alikatazwa kukaribia meza. Alhamisi Bi Lenzi alikuja na kamera. Waliamua kubandika karatasi ukutani karibu na dirisha, mahali penye mwanga wa mchana lakini jua halipigi. Hakutumia flashi.

"Karatasi ikae sawasawa, kingo zote nne zionekane," alisema. "Fundi, njoo. Unyoofu wako unatakiwa hapa."

Baba akazibandika zote kumi na mbili. Hata moja haikwenda upande.

Mchoro wa mkono ulikuwa na mchirizi wa buluu katikati. Baba alitaka utupwe.

"Hapana," alisema binti. Chini ya kila picha alikuwa akiandika jina la kazi, vifaa, vipimo na mwaka. Hapo aliandika: *Mkaa juu ya karatasi. Alama ya buluu ni brashi ya baba.*

Alituma Ijumaa saa tatu asubuhi. Hakungoja saa sita, maana mtandao haujui haraka ya mtu. Bi Lenzi akamwambia alete na pasipoti. Ilibakiza miezi mitatu kuisha, na muhula ni wa miezi mitano. Jumatatu iliyofuata alikwenda kuomba mpya, ndipo aweze kuomba viza.

Wiki mbili baadaye walimu wa kule walimhoji kwa simu ya video. Waliuliza sana kuhusu ule mchirizi wa buluu. Akawaeleza kisa chote. Barua ya kumkubali ilifika mwisho wa mwezi.

Siku ya kufunga mizigo, baba alitia kopo la tina ya kuyeyushia rangi kwenye begi. Mama akalitoa.

"Kitu hiki kinashika moto. Hakipandi ndege."

"Basi niandike jina lake juu ya begi."

"Hilo unaruhusiwa," alisema binti, naye akafungua daftari jipya.

Fundi alichovya brashi kwenye rangi nyeupe. Aliandika polepole, ulimi nje. Alipofika herufi ya mwisho aliinua macho, akaona binti anamchora. Kicheko kikamtoka, mkono ukateleza.

"Baba, ile ya mwisho imepinda."

Fundi alinyoosha mkono kuchukua tambara. Kisha akaurudisha.

"Iache. Huko uwanjani mabegi yote yanafanana. Hilo utalijua ni lako."