Sakafu Iliyokuwa Sawa

Walimwita Chapchapu, na jina lenyewe halikuwa sifa tupu. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule alifagia chumba, akaosha vyombo na kutandika mkeka, vyote kabla bibi hajamaliza chai yake. Ungeuinua mkeka ule, ungekuta takataka zimelala chini yake raha mustarehe. Mama alipouliza, "Sawa?" yeye alijibu, "Sawa," mguu mmoja ukiwa tayari nje ya mlango.

Jumamosi moja walikwenda kukagua nyumba yao mpya, fleti ya ghorofa ya nne. Mama, aliyekuwa mshonaji, alikuwa ameitolea jasho fleti hiyo tangu Chapchapu hajaanza shule. Bibi alikuwa na magoti mabovu, na mama alitaka apate chumba kilicho jirani na bafu, asihangaike tena kwenda kuoga uani huku akipapasa ukuta.

Msimamizi wa jengo, bwana mwenye tai fupi na haraka nyingi, aliwafungulia mlango.

"Kagua, mama. Ukiona kasoro niambie sasa hivi, tutarekebisha. Ukishatia sahihi na kupokea funguo, kasoro ni zako."

Mama alifungua na kufunga kila dirisha, akabonyeza swichi, akagonga vigae kwa kidole kusikiliza kama vina uwazi chini. Bafu alimwachia binti yake.

"Mwanangu, humu mabomba bado hayajafunguliwa. Teremka uani ujaze ndoo, uje uimwage bafuni, halafu uangalie maji yanaelekea wapi. Yaingie yote kwenye tundu la kutolea maji."

Lifti ilikuwa bado haijawashwa. Kule chini Chapchapu alimkuta msichana wa rika lake, ambaye wazazi wake walikuwa wanakagua fleti ya chini.

"Ninyi ndio mtakaokaa juu?" msichana akauliza. "Njoo uone chumba changu, kina kabati la ukutani."

Walifungua na kufunga milango ya kabati mpaka wakachoka. Chapchapu alipokumbuka ndoo, aliziangalia zile ngazi na moyo ukamwambia hapana. Akatia maji kidogo tu, akapanda nayo ikiwa nyepesi, akayanyunyiza bafuni mpaka vigae vikang'aa.

"Sawa?" mama aliuliza kutoka sebuleni.

"Sawa, mama."

Mama akatia sahihi.

Walihamia. Siku ya kwanza bibi alipooga, maji yalituama, yakatambaa hadi ukumbini. Chapchapu aliwahi kuyakausha kwa tambara kabla mama hajaona, na akaendelea hivyo kila siku, kimya. Asubuhi moja alichelewa kuamka. Alizinduliwa na kishindo, kisha sauti ya bibi ikimwita mama. Bibi alikuwa ameteleza na kuvunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Bibi alipofungwa plasta, mama alimwendea msimamizi.

"Nilikwambia useme kasoro, mama, ukatia sahihi," bwana yule alimjibu bila kuinuka kitini.

Ikabidi mama aite fundi wa vigae. Fundi alilaza pimamaji sakafuni, akaihamisha huku na huku, akatikisa kichwa.

"Sakafu hii iko sawa kabisa, na huo ndio ubovu wake. Sakafu ya bafu haitakiwi kuwa sawa, mama. Inatakiwa iteremke kidogo kuelekea kwenye tundu. Kwani siku ya kukagua hamkumwaga maji?"

Mama alimgeukia binti yake.

"Nilinyunyiza tu, mama," Chapchapu alisema. "Ndoo sikuijaza."

Fundi akainamia mfuko wake na kujifanya anatafuta nyundo. Mama hakugomba. Chapchapu alitamani angegomba.

Mama aliuza cherehani yake moja, vigae vikabomolewa na sakafu ikajengwa upya. Plasta ya bibi ilitolewa, lakini vidole havikurudi kama vilivyokuwa. Zamani kila Jumapili alimsuka mjukuu wake. Sasa alianza msuko mmoja, mkono ukaanguka mapajani.

"Tutamalizia kesho, mjukuu wangu," alisema, na wote wawili walijua kwamba hawatamalizia.

Siku fundi alipomaliza kazi, mama alimkabidhi Chapchapu ndoo iliyojaa.

"Sikiliza, mwanangu. Ulinidanganya kwa neno moja tu, nami nikalitilia sahihi. Ungesema hujamwaga maji, ningekukaripia kidogo, tungerudia, basi. Kazi ambayo hujaifanya, sema hujaifanya. Aibu yake ni ya siku moja. Uongo wako wewe, aliyeulipia ni bibi."

Chapchapu alimwaga maji, akapiga magoti. Yalikimbilia kwenye tundu. Machozi yalimlenga, lakini hakuondoa macho sakafuni.

"Sawa?" mama aliuliza.

"Bado, mama. Kona ya nyuma ya mlango sijaiangalia."

"Jibu hilo ndilo nililolihitaji siku ile," mama alisema, kisha akaenda kumfunga bibi vifungo vya blauzi.